Mshamba, Mjanja na Mlinzi: Uigizaji wa Kuchekesha katika Senema za Wizi, na Lafudhi ya Mkurya

Katika makala haya nakusudia kueleza habari za uigizaji wa kuchekesha katika senema zinazosimulia wizi na utapeli, tangu zilipoanza kutengenezwa kwa Kiswahili katika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 hata kufikia siku zetu hizi za runinga na video. Historia nzima ya senema katika nchi yetu sitaigusa. Kazi hiyo imeshafanywa na wengine, na hasa Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya majumba ya senema ya Tanzania. Nitachungua jambo moja tu, nalo ni lugha ya mwigizaji achekeshaye: aiga lugha ya nani, aiigaje, na mwenye lugha ile akiisikia hupatwa na nini. Mfano nitakaoutumia ni lafudhi ya watu wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambayo ni miongoni mwa lafudhi zinazoigwa sana na wachekeshaji wetu.

Yafaa kwanza tuitazame aina yenyewe ya senema. Kisa chake aghalabu ni kimoja. Watu wachache wenye dhiki au tamaa hukaa pamoja wakafanya shauri la kuiba. Shauri lao huwa zuri mno kuliko uwezo wao. Njiani huzuka vikwazo, na mwishowe mali huponyoka au huwageukia wenyewe. Mtazamaji huwacheka wezi na papo hapo huwatakia heri. Kicheko hiki hakipatikani kwa mzaha wa maneno peke yake. Hupatikana pale mwigizaji anapoifanya kazi ya kipuuzi kwa uso mkavu, kana kwamba ni jambo la heshima kuu. Mwaka 1951 Waingereza walitoa senema iitwayo The Lavender Hill Mob, ambamo Alec Guinness aliigiza karani mpole wa benki aliyeiba vipande vya dhahabu, akaviyeyusha na kuvifanya sanamu ndogo za mnara wa Eiffel ili vivushwe hadi Ufaransa. Karani yule hachekeshi kwa kuruka wala kwa kuanguka. Huchekesha kwa sababu hata akiiba hubaki karani.

Mwaka 1958 Waitalia nao walitoa I soliti ignoti, yaani "Wale wale wasiojulikana", iliyoongozwa na Mario Monicelli. Senema hii inatuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Wezi wake wametoka pembe mbalimbali za Italia, na kila mmoja husema kwa lafudhi ya kwao, hata mtazamaji wa Kiitalia humtambua mtu kwa sikio kabla ya kumtambua kwa jicho. Lakini lafudhi zile nyingi zilikuwa za kuazima. Tiberio Murgia, aliyeigiza Msicilia mwenye wivu, alikuwa mtu wa Sardinia. Carlo Pisacane, aliyeigiza mzee mlafi asemaye kama mtu wa Bologna, alikuwa mtu wa Napoli. Wote wawili walitiwa sauti za watu wengine. Murgia aliendelea kuigiza Wasicilia kwa miaka mingi, na kwa watazamaji wengi akawa ndiye Msicilia hasa, kupita hata Wasicilia waliozaliwa Sicilia. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa maana tutalikuta tena karibu na kwetu.

Sasa turudi Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ilifanya majaribio ya kutengeneza senema za Kiswahili, zenye waigizaji Waafrika, ikishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Miongoni mwa senema zilizopatikana ni Chalo Amerudi, Meli Inakwenda, Wageni Wema na ile iliyopendwa sana, Muhogo Mchungu. Katika hii ya mwisho kisa ni cha mtu wa shamba ajaye Dar es Salaam na fedha zake, akaangukia mikononi mwa watu wa mjini ambao ujanja ndio kazi yao. Mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea aliyesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora. Huyu ndiye Kawawa ambaye baadaye aliongoza vyama vya wafanyakazi, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwezi wa Januari 1962, kisha Makamu wa Rais, na akafariki dunia tarehe 31 Desemba 2009.

Tuutazame ugumu wa kazi aliyopewa. Kijana aliyesoma katika mojawapo ya shule kubwa za nchi, aliyezoea ofisi na karatasi, atakiwa kuigiza mtu asiyejua njia za mjini. Ni rahisi sana kwa msomi kumwiga asiyesoma kwa dharau: kukodoa macho, kuvuta maneno, kutembea kama aliyepotelewa na miguu. Kisa chenyewe hakikubali hivyo. Mshamba akiwa mpumbavu kabisa, utapeli hauna ladha, kwa kuwa kumwibia mpumbavu si ujanja. Yampasa awe mtu mwenye akili ya kwao, aliyelima na kuvuna na kuuza, ambaye kosa lake ni kuamini kwamba neno la mtu ni ahadi. Hata jina lake lina fumbo. Muhogo mchungu ni chakula cha watu wengi, lakini una sumu, nao huliwa baada ya kulowekwa na kuanikwa. Anayeutafuna kwa pupa atajuta.

Neno "mshamba" lenyewe halitaji kabila. Ni jina la mahali mtu atokapo na mazoea aliyo nayo: Mzaramo aweza kuwa mshamba, Mnyamwezi kadhalika, na mtoto wa mshamba aliyezaliwa Kariakoo si mshamba tena. Kwa hiyo kicheko kilichojengwa juu ya mshamba na mjanja kilikuwa kicheko ambacho kila mtazamaji aliweza kuingia ndani yake. Senema zile zilipopelekwa mashambani kwa magari ya senema, watu walioketi chini mbele ya kitambaa cheupe waliweza kujiona katika mshamba bila kutukanwa, na wa mjini waliweza kumkumbuka baba au mjomba.

Majaribio yale hayakudumu miaka mingi, lakini kicheko chake kilihamia kwingine: katika redio, katika vichekesho vya jukwaani vilivyochezwa na vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre, na baada ya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994, katika michezo ya runinga na picha za video. Hapo ndipo mabingwa kama Said Ngamba, aliyeitwa Mzee Small, na Amri Athumani wa Tanga, aliyeitwa King Majuto, walipopata sifa nchi nzima. Wizi na utapeli ukabaki kuwa kisa kipendwacho. Lakini taratibu palizuka badiliko. Penye mshamba asiye na kabila walianza kusimama watu wenye makabila: Mpemba wa dukani, Mchaga wa biashara, Mhaya wa majivuno, Mmakonde, Msukuma, Mmasai. Kila mmoja alipewa kazi yake katika kisa na lafudhi yake mdomoni. Mkurya alipewa kazi ya mlinzi wa geti, askari wa polisi, au mwanajeshi mstaafu.

Kazi hiyo ina asili ya kweli. Tangu enzi za King's African Rifles vijana wa Kikurya waliandikishwa kwa wingi katika jeshi, na baada ya Uhuru waliendelea kuonekana katika jeshi na polisi na baadaye katika ulinzi wa majumba na maghala mijini. Kwa mtunga kisa cha wizi mlinzi ni mtu wa lazima, kwa kuwa wajanja hawana budi kupita getini. Basi huwekwa hapo mtu mrefu mwenye rungu, jina lake Chacha, au Mwita, au Marwa, asiyeelewa hongo inapotajwa kwa mafumbo, mwepesi wa hasira, mwenye kuita kila mtu "mura" na kutia r mahali pa l. Wajanja humzunguka kwa maneno, mtazamaji akacheka.

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Kikurya, ambacho wenyewe hukiita Igikuria, ni lugha ya Kibantu isiyo na tofauti ya l na r. Ina r peke yake. Kwa hiyo ni kweli kwamba mtu aliyekulia katika lugha hiyo, asipopata mazoezi, huweza kusema "kurara" akitaka kusema "kulala". Lakini hilo ni jambo moja tu katika mengi. Kikurya hakina z wala sh, wala hakina f na v za asili. Kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Konsonanti yake ya b, isipotanguliwa na king'ong'o, hutamkwa midomo ikikaribiana bila kufungana. Juu ya hayo, ni lugha ya toni, na mpango wa toni katika vitenzi vyake umewashughulisha wataalamu wengi, akiwamo Jelle Cammenga aliyeandika juu ya sauti na maumbo ya lugha hiyo mwaka 1994.

Lakini alama iliyo wazi kuliko zote ni ile kanuni iitwayo kanuni ya Dahl. Kwa kanuni hii sauti k ya kiambishi hulegea ikawa gh inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo na mghuno. Jina la lugha ni ushahidi: kiambishi ni iki-, lakini kwa kuwa shina la jina laanza na k, twapata Igikuria, wala hatupati Ikikuria. Vivyo hivyo kiambishi cha kitenzi-jina, oko-, hugeuka kuwa ogo- mbele ya t, k, s na ch. Mkurya aliyekulia katika lugha yake aweza kuichukua kanuni hii na kuitia katika Kiswahili, akatamka "ghutoka" badala ya "kutoka", huku akisema "kurima" kwa k iliyo wazi. Jambo hili hufanyika kwa utaratibu mkamilifu, na msemaji mwenyewe hana habari nalo.

Sasa tumsikilize mwigaji. Katika michezo niliyoitazama, mwigaji huchukua r na kuitapanya kotekote, huongeza ukali wa sauti, hutia "mura" mwanzo na mwisho wa sentensi, na papo hapo kazi yake imekwisha. Gh ya kanuni ya Dahl haimo, b laini haimo, irabu saba hazimo, wala wimbo wa lugha haumo. Ni lafudhi iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa kusikia sauti moja, ikapitishwa kutoka mchekeshaji mmoja hadi mwingine, kila mmoja akimwiga mwenzake pasipo mtu kumwiga Mkurya. Huyu ndiye Msicilia wa Murgia katika mavazi ya mlinzi.

Kosa jingine ni la maana. Neno "mura" latokana na omomura, kwa wingi abamura, yaani vijana wa kiume waliokwisha kutahiriwa. Ni neno la daraja ya umri, nalo lina heshima yake na mipaka yake. Mlinzi wa mchezoni humwita "mura" bosi wake mwenye mvi, na hata mke wa bosi. Nilipokuwa nikikusanya maneno katika wilaya ya Serengeti nilipata kuingia katika vibanda vya video vya Mugumu, ambavyo kwa miaka mingi vilionyesha picha za kigeni zilizotiwa maelezo ya Kiswahili na watafsiri kama Kapteni Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na pia michezo ya kwetu. Siku moja ulionyeshwa mchezo wa wizi wenye mlinzi wa namna hii. Watu walicheka sana, lakini niliona kwamba hawakucheka mahali ambapo watu wa Dar es Salaam hucheka. Zile r ziliwapita kimya. Walicheka mlinzi alipomwita mzee "mura", na bwana mmoja wa makamo aliyeketi karibu nami akatoa hukumu yake: "Huyu hajatahiriwa." Kwa kauli hiyo moja alikuwa amemvua mwigizaji haki ya kulitumia neno.

Tena katika Serengeti kuna tatizo ambalo mjini halijulikani. Wilaya ile ina Wakurya, lakini ina pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Kiikoma, Kinata na Kiisenye ni lahaja za lugha moja iliyo mbali kidogo na Kikurya, na Kingoreme kina mambo yake. Mchekeshaji wa mjini huwatia wote katika chungu kimoja, akawaita Wakurya na kuwapa rungu. Hata ndani ya Tarime, Mnyabasi, Mwirege, Mtimbaru na Mkira husikilizana na hutambuana kwa matamshi. Kicheko cha kienyeji kipo tele katika tofauti hizo ndogo, na wenyewe hutaniana kwazo kila siku, lakini hakuna kinachofika katika senema.

Yaweza kuulizwa: ubaya uko wapi? Je, hatuchekani sisi kwa sisi, na utani wa makabila si ndio uliotuunganisha? Swali hili ni la haki. Utani ni kitu cha watu wawili. Leo wanicheka, kesho nakucheka, na kila mmoja aijua zamu yake. Katika mchezo wa runinga zamu ni ya mmoja siku zote. Nimefundisha vijana waliotoka Tarime na Serengeti, nami nimeona wengine wakinyamaza darasani kwa kuchelea kicheko cha wenzao, ambao lafudhi ile wameijua kwa runinga tu. Mmoja wao alisoma Kiswahili kwa usahihi mkubwa kuliko darasa zima, lakini kila alipofika penye l aliikazia ulimi kwa hofu, hata usomaji wake ukapoteza mwendo. Kijana kama huyu hupungukiwa na kitu ambacho hatuwezi kumrudishia kwa alama za mtihani.

Liko na jambo zito zaidi, nalo ni wizi wenyewe. Katika senema mwizi huchekesha kwa sharti kwamba mali iliyoibiwa isiwe uhai wa mtu. Katika Tarime mali ni ng'ombe, na ng'ombe ni mahari, ni ada, ni jina la mji. Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya wizi wa ng'ombe kwa Wakurya, ameonyesha jinsi uvamizi wa zamani, uliokuwa na sifa ya ushujaa, ulivyogeuka kuwa biashara ya kuvusha mifugo hadi Kenya, na jinsi bunduki zilivyoongezeka baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Vijana wale wale walioandikishwa kulinda nchi walirudi katika nchi ya vilima ambamo kila boma lilijilinda usiku. Na katika Nyamongo, ambako yako machimbo makubwa ya dhahabu, watu wamepoteza maisha katika kutafuta mawe yenye dhahabu. Karani wa Alec Guinness angefika Nyamongo asingepata wa kumcheka.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba watu hawa hawana kicheko juu ya wizi. Wapigaji wa iritungu, zeze lao kubwa la nyuzi nane, wana nyimbo za sifa na za kejeli, na ndani yake huwamo mwizi aliyejisifu mno akarudi mikono mitupu, pamoja na mwenye ng'ombe aliyelala fofofo. Vikao vya wazee navyo havikosi simulizi za aina hiyo, zisimuliwazo kwa uso mkavu kabisa, huku msimulizi akitaja hata rangi ya fahali aliyeponyoka. Uigizaji wenyewe ndio huu. Una mpango uliovunjika, una wajanja walioshindwa, una mlinzi ambaye, kinyume cha yule wa runinga, ndiye mwenye akili kuliko wote kwa kuwa alijua wakati wa kujifanya amelala. Mtunga kisa angeketi jioni moja tu na wazee wa Nyamwaga au wa Mugumu angeondoka na visa vya senema kumi.

Shauri langu kwa hiyo ni la namna mbili. Kwa waigizaji nasema kwamba lafudhi ni kazi ya kujifunza kama vile kucheza ngoma. Anayetaka kuigiza Mkurya na akae na Wakurya, asikie gh yao, ajue ni nani aitwaye "mura" na nani hastahili kuitwa hivyo. Kicheko chake kitakuwa kikubwa zaidi, na Mkurya atacheka pamoja naye. Kwa wachunguzi wa lugha nasema kwamba lafudhi za uongo nazo ni lugha, nazo zina historia. Yatupasa tuzirekodi na kuzilinganisha na matamshi ya kweli, michezo hii ingalipo mikononi mwa watu, kwa maana kanda za video zaharibika upesi, na waigizaji wa kwanza wengi wamekwisha kututoka: Mzee Small mwaka 2014, King Majuto mwaka 2018.

Sitaki mlinzi Mkurya aondolewe katika senema. Kumwondoa ni kumnyamazisha mara ya pili. Nataka apewe kile ambacho Kawawa alitakiwa kumpa mshamba wake: akili ya kwao, sababu ya kuamini anachoamini, na haki ya kushinda mara mojamoja. Yule mshamba wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichekwa nchi nzima, na aliyemwigiza alikuwa Waziri Mkuu kabla ya miaka kumi na miwili kupita. Hakuna aliyesema kwamba kicheko kile kilimpunguzia heshima, kwa sababu waliocheka walijua kuwa mshamba yule alikuwa wao wenyewe.